Uzoefu wangu: nyaya mpya za usukani, baada ya roda kuutafuna ule wa bei rahisi

Naendesha mashua ya tanga ya futi 36, mali ya tajiri mmoja ambaye huja Kilifi miezi mitatu tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki tuko mimi na mashua, na chochote kikiharibika naulizwa mimi. Nyaya za usukani, zile zinazounganisha gurudumu la nahodha na usukani wenyewe, ule ubao wa majini, nimezilipia mara mbili: kwanza kwa pesa za tajiri, halafu kwa zangu.

Nyaya za zamani zilipoanza kutoa manyoya nilikwenda duka la vifaa nikanunua waya wa stenlesi wa milimita 6. Muuzaji aliapa kwamba ni wa baharini, nitazeeka nao. Ulimaliza miezi saba.

Siku hiyo ilikuwa kusi, narudi kutoka Mombasa, mawimbi yanatusukuma kwa nyuma, upande wa tezi. Tulipokaribia mlango wa Kilifi, pale unapopinda ukate mwamba kuingia ndani, gurudumu likaanza kucheza. Nalizungusha upana wa kiganja kizima kabla mashua haijasikia. Nikamwambia kijana wangu alete kana ya dharura, ule mkono unaochomekwa moja kwa moja kwenye usukani gurudumu likishindwa. Akarudi mbio: kana ipo, lakini kifuniko cha tundu lake kwenye sitaha kimeganda, hakifunguki. Hakuna aliyekigusa kwa miaka. Tuliingia taratibu, alhamdulillahi, nikiogopa hata kukohoa.

Baada ya kutia nanga nikajipenyeza chini ya sitaha ya tezi na tochi mdomoni. Ukitaka kukagua waya, pitisha karatasi ya chooni: penye uzi uliokatika patashika karatasi. Mimi nilipitisha kidole.

Fundi niliyemwita ni mzee wa majahazi aliyewahi kufanya kazi za yoti kule Mtwapa. Akakata kipande cha ule waya kwa grainda, akakifumua kama anayefumua nywele, akaniwekea mkononi. "Hebu hesabu, mwanangu." Misokoto saba, kila msokoto nyuzi saba: jumla 49. Waya wa usukani ni misokoto saba yenye nyuzi 19 kila mmoja, yaani nyuzi 133 ndani ya unene uleule. Kila uzi ni mwembamba, kwa hiyo unapinda kwenye roda, yale magurudumu madogo yenye mfereji yanayoupitisha waya, mara maelfu bila kuchoka haraka. Ule unaoshikilia mlingoti ni nyuzi 19 nene zilizosokotwa pamoja, mgumu kama fimbo, na kwenye roda hauna kazi.

Nikaagiza Uingereza waya wa 7x19, stenlesi ya 316, aina inayostahimili chumvi zaidi. Ulichukua wiki tano kufika na kwa mita ulikuwa mara tatu ya bei ya ule wa dukani. Mkononi tofauti unaijua papo hapo: unaukunja kama kamba. Kuhusu waya wenyewe sina lawama hata moja.

Lakini mzee alikataa kuufunga. Alizishika roda moja moja, akazizungusha kwa kidole. Tatu zilizunguka. Ya nne, ile ya kushoto karibu na kwadranti (kile kipande cha duara juu ya usukani ambacho nyaya hukivuta), ilikuwa imeganda kwa chumvi, na waya ulikuwa ukiburuzwa juu yake badala ya kuzunguka nayo. Ulishachimba mfereji wenye kingo kali kama kisu. "Waya hukuuonea bure," akasema, "lakini hata ungeleta wa dhahabu, huyu angeutafuna." Nikanyamaza, kwa sababu mara ya kwanza nilifunga waya mpya bila hata kuiangalia roda. Tukabadilisha roda na pini yake, kisha akasogeza kibano chake mpaka waya ukaingia katikati ya mfereji bila kusugua ubavu.

Kazi yenyewe ilitula siku mbili, na nusu ya kwanza iliishia kwenye nguzo ya usukani. Ndani yake mna cheni inayozungushwa na gurudumu, na nyaya zimefungwa kwenye ncha zake; ili uifikie lazima ung'oe dira iliyo juu. Weka alama ilipokaa kabla hujagusa skrubu, na uzibe nguzo kwa kitambaa, maana nati ikidondoka humo imekwenda. Gurudumu likae katikati, usukani unyooke, na katikati ya cheni ikae juu kabisa ya gia yake. Kwenye ncha, waya unazungushwa kwenye kile kichuma chenye umbo la tone la maji, halafu klampu mbili za U. Hapa wengi hukosea: tandiko la klampu likae upande unaobeba mzigo, ule mkono wa U ubane mkia mfupi. Ukigeuza, U inauponda waya pale pale unapovutwa.

Na sisi tulikosea, mahali pengine. Kwenye mashua hii nyaya hupishana ndani ya nguzo, na tulizishusha zikiwa zimenyooka. Kila kitu kilikuwa kizuri, kimekazwa, kinang'aa. Kijana akazungusha gurudumu kulia, mimi niko majini nashika usukani, naona ubao unakwenda kushoto. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Saa tatu zaidi.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Tulifunga gurudumu kwa kamba, kisha nikaisukuma kwadranti kwa mikono miwili. Inapoacha kucheza, basi, usiongeze. Ukizidisha, usukani unakuwa mzito na beringi zinaumia. Waya mpya hulegea kidogo: baada ya safari ya tatu nilikaza tena mizunguko miwili ya nati. Nikaupaka oili ya injini kwa kitambaa. Grisi hapana, inakamata mchanga na chumvi.

Tajiri aliuliza kwa simu kwa nini tusiweke Dyneema, kamba imara ya nyuzi za sintetiki, nyepesi na haina manyoya. Ningekuwa na roda mpya zote nne ningekubali. Tatu kati ya zangu zimeshapitiwa na waya kwa miaka, zingeikwangua.

Sasa ni miezi kumi na moja, kaskazi nzima na kusi nyingine. Karatasi ya chooni inapita safi. Waya nampa nyota tano, mzee tano pia pamoja na kile kicheko, na duka la vifaa halipati kitu. Kifuniko cha kana ya dharura tulikifungua kwa nyundo na mafuta, kikapasuka ukingo, na mpaka leo mvua ikinyesha kinadondoshea godoro langu.