Kisutu cha Bibi kimegeuka giza

Naandika hii hasira hazijaisha, mnivumilie. Juzijuzi nilipeleka picha ya marehemu Bibi kwenye studio moja hapa mjini, siitaji, wenyewe wanajijua. Ni picha ya rangi ya harusini kwa binamu, Bibi kajitanda kisutu, ile kanga yenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeupe, anacheka mpaka pengo linaonekana. Mama alitaka igeuzwe nyeusi na nyeupe itundikwe ubavuni kwa Babu, maana ya Babu ni ile ya kizamani, ukiweka ya rangi pale inakuwa kama wameachana.

Kijana kakaa kwenye kompyuta kabofya mara moja. Moja! Jamani, nyekundu na nyeusi zote zimekuwa giza moja, maua yote yamemezwa, kama kajifunika gunia la mkaa. Nikamuuliza kaka, maua ya kanga yako wapi? Hata hakugeuka, eti "si umesema nitoe rangi dada, nimetoa."

Nimetoa! Kama anatoa taka.

Nyumbani nikachukua simu, nikafungua Snapseed, ile app ya bure ya kurekebisha picha, kwenye nyeusi na nyeupe kuna filta za rangi, nikagusa nyekundu na kisutu kikarudi chote, penye wekundu pakawa kijivu cheupe na weusi ukabaki weusi. Kumbe hesabu inayotumika sana kugeuza picha inaipa nyekundu kama asilimia 30 tu ya mwanga, kijani karibu 59, ndo maana nyekundu kali inazama usipoishughulikia. Ila filta nyekundu ilimpausha Bibi kama kapakwa poda, nikahamia ya chungwa, hapo ndo Bibi mwenyewe. Dakika tano hazijafika, na mimi nishatoa 15,000 za watu.

Haya, kwenye kuchapa sitawasingizia, wanajua. Karatasi nzito, fremu imekaa. Na akaniongezea ya kahawia bure, ile sepia, nikaanza kulainika kabisa nikasema labda nilimkuta na siku mbaya, mpaka nikaangalia kanga. Kapaka kahawia juu ya ileile mbovu!

Nilikuwa nimeapa sirudi. Mama kasema hataki makelele, ukuta uko wazi. Basi kesho kutwa naenda na flashi yangu, achape tu, mkono usiguse mausi.