Kizahanati cha Makorora: nilijipeleka na malaria ya kichwani mwangu

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya mlango wa choo, nitaueleza.

Mimi fundi cherehani, nakaa Ngamiani, Tanga. Wiki nzima mwili mchovu, kichwa kizito, chini ya kitovu panavuta. Kwetu ukishasema hujisikii vizuri, watu wamekupa malaria. Mama mkwe akachemsha majani ya mwarobaini sufuria nzima, nikajifukiza na kanga, nikanywa na kikombe juu. Uchungu ule nausikia mpaka leo. Kisha nikapita duka moja la dawa, bila kupimwa nikauziwa dawa mseto ya malaria na vidonge vinne vya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye kikaratasi. Vinne! Na nikavimeza.

Nilipofika Makorora, tabibu, kijana tu, aliniuliza maswali mengi kabla hajashika kitu. "Na dawa za asili, dada, umetumia zipi? Usinifiche." Nikamtajia mwarobaini nikingoja anicheke. Akaandika. Akauliza tarehe zangu za mwezi, akapima na mimba, maana mwenye mimba hapaswi kunywa mwarobaini. Homa niliyoapa ninayo, kipimajoto kikasema 36.8.

Akanitoboa kidole. Baada ya robo saa akanionyesha kile kiplastiki: mstari mmoja tu, kwenye C, yaani malaria hakuna. Nikamwambia labda dawa mseto imeshaiondoa. Akasema hapana, kipimo hiki mara nyingi huendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa hata baada ya kupona. Kwa hiyo yaelekea hata ile wiki iliyopita sikuwa nayo. Pesa yangu ya mseto ikaniuma upya.

Ugonjwa ulikuwa kwenye mkojo, umejaa chembe za usaha. Kumbe ile kwenda chooni kila baada ya nusu saa, ambayo mimi nililaumu chai. Alivyosikia habari ya vile vidonge vinne, akapeleka mkojo ukaoteshwe kwenye maabara kubwa, yaani wakuze wadudu waone dawa ipi inawaua. Siku ya tatu majibu: mdudu hashtuki kwa amoksilini. Nikapewa nitrofurantoini, kidonge asubuhi na jioni baada ya kula, siku 5. Akanionya mkojo utageuka rangi ya chai ya rangi. Bila onyo lile ningepiga mayowe. Siku ya pili ule moto wa mkojo ukapungua, lakini nilimaliza dozi.

Yote kwa yote 38,000, sehemu kubwa ni ya kuotesha. Si ndogo kwa mshona sare.

Sasa lawama. Choo hakina komeo. Nilizuia mlango kwa mguu, kikopo mkononi. Na yule dada wa mapokezi akaita kwa sauti ya muuza samaki, "Nani wa mkojo?" mbele ya mume wa jirani yangu.

Mama mkwe ameomba nimpeleke wamwangalie tumbo. Sharti lake moja: wanunue kwanza komeo.