Colt Detective Special: uzoefu wangu na rivolva kuukuu ya mtutu mfupi

Utasikia wengi wakisema rivolva ya mtutu wa inchi mbili haina shabaha. Nimeitumia Colt Detective Special hapa Nakuru kwa miaka kadhaa sasa, na msimamo wangu ni kwamba chuma chenyewe kinapiga sawasawa. Kinachoyumba ni mkono wa anayekishika. Bastola hii inadai mwalimu na subira, na inalipa vizuri.

Yangu ni ya toleo la pili, ile ambayo kijiti cha kutolea maganda kimeachwa wazi chini ya mtutu. Miaka ya 1970 Colt walikifunika kwa chuma, na wapo wanaoipenda zaidi sura hiyo mpya. Mimi naona ile ya zamani ndiyo yenye umbo. Detective Special ya kwanza ilianza kuuzwa 1927, ikitengenezwa Hartford, Connecticut, wakati ambapo mtu wao mmoja, John Henry FitzGerald, alikuwa tayari anajulikana kwa kukata mitutu ya rivolva kubwa ili zikae mfukoni. Inabeba risasi sita za .38 Special, na ikiwa tupu ina uzito wa takriban gramu 600.

Kuhusu leseni nitasema machache. Rivolva ya aina hii, hata iwe imemzidi umri mwenyewe, inahitaji cheti kama bastola nyingine yoyote, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo inaandikwa humo humo. Waliopitia ukaguzi wa wenye bunduki ulioamriwa mwishoni mwa 2018 wanajua makaratasi hayafanyiwi mzaha. Kwa hiyo hapa kwetu mkusanyaji hajazi kabati. Anachagua moja, pengine mbili, na anachagua kwa makini.

Na hapo kwenye kuchagua ndipo ningependa msomaji akae nami. Mzee mmoja wa Njoro, aliyezijua bastola hizi kabla sijazaliwa, aliniambia, "Kijana wangu, usiitazame rangi. Isikilize." Colt hizi zina rangi ya buluu iliyokolea inayomteka mtu mara moja, ilhali ugonjwa wake uko ndani. Hakikisha ni tupu, uhakikishe tena, uelekeze mtutu pasipo na mtu. Vuta nyundo polepole kwa kidole gumba. Silinda, ile ngoma inayobeba risasi, ikizunguka, kizuizi chake kinapaswa kudumbukia katika tundu lake kabla nyundo haijafika mwisho. Utasikia "tik" ndogo. Nyundo ikifika mwisho na silinda bado haijafunga, iache. Kisha shikilia kifyatulio kikiwa kimevutwa, nyundo ikiwa chini, ujaribu kuitikisa silinda. Colt yenye afya hutulia kabisa. Fanya hivyo kwa vyumba vyote sita vya risasi, maana kimoja kinaweza kuwa kibovu na vingine vitano vizima.

Sababu ni kipande kidogo cha ndani kinachosukuma silinda. Katika Colt za zamani kinafanya kazi mbili, kuzungusha na kukaza, hivyo kinalika. Kikilika, chumba hakikai sawa na mtutu, na risasi inapovuka inaparuzwa pembeni. Kukirekebisha kunahitaji fundi anayeijua Colt kwa mikono yake, na mafundi hao ni wachache mno huku kwetu. Niliwahi kuonyeshwa nyingine iliyong'aa kuliko hii yangu, vyumba viwili havifungi. Muuzaji alisisitiza ni nzima. Nilimshukuru nikaondoka.

Uwanjani sasa. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na mfereji wa nyuma ni kama sentimita 10 tu. Ukikosea kulinganisha kwa milimita moja, katika mita 7 umekosa kwa sentimita 7, na katika mita 15 umekosa kwa 15. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa mitutu mifupi jina baya. Nikiishika vizuri kwa mikono miwili na kuvuta nyundo kwanza, katika mita 7 risasi zote sita zinaingia ndani ya eneo la ukubwa wa kiganja. Nikifyatua kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja, duara linapanuka, kwa sababu springi ya Colt ni bapa, ya umbo la V, na uzito wake unaongezeka kuelekea mwisho. Dawa ni kuvuta kwa mwendo mmoja bila kusita njiani. Nilijifunza hilo nyumbani kwa risasi bandia, na pia zinailinda sindano iliyo kwenye nyundo.

Napiga zile za risasi bapa za grain 148 (kama gramu 9.6), laini kwa mkono na kwa chuma. Za +P, zile zenye msukumo mkubwa kuliko kawaida, sizitii humu. Risasi za 9mm ndizo rahisi kupata madukani, za .38 unaagiza na kusubiri.

Kasoro kubwa ni kijiti cha kutolea maganda. Ni kifupi, hakiyasukumi maganda hadi nje kabisa. Inua mtutu juu, kipige kwa kiganja mara moja kwa nguvu, usikisukume kwa upole. Na ukizoea Smith & Wesson, kumbuka kitasa cha kufungulia silinda ya Colt kinavutwa nyuma; cha wenzao kinasukumwa mbele.

Mzee wa Njoro ana Chiefs Special, ile Smith & Wesson iliyozinduliwa 1950 kwenye mkutano wa wakuu wa polisi kule Colorado Springs, ambao ndio waliolichagua jina, na ambayo tangu 1957 inaitwa Model 36. Ni nyembamba zaidi, inabeba tano, na kifyatulio chake kina uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Kwa anayeanza, nakiri hiyo ni rahisi zaidi. Lakini nikishika mpini wa Colt mkono unajaa, na ile risasi ya sita naithamini.

Utunzaji: vumbi la Nakuru linaingia silindani, na nikishuka Kisumu unyevu wa ziwa unaanza kuila buluu upesi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hunywa maji. Ipanguse mafuta kidogo baada ya kila kuishika, kisha iingie kwenye kasha la chuma na kufuli.

Nikipata kibali cha ya pili nitatafuta Cobra ya miaka ya 1950, dada yake mwenye fremu ya alumini, na vyumba vyake sita nitavisikiliza kimoja kimoja.