Mabango ya afya ya akili kutoka duka la uchapaji la Mtwara mjini: yaliyofaa na yaliyopungua

Mwaka jana, wiki chache kabla ya tarehe 10 Oktoba, ambayo tangu mwaka 1992 huadhimishwa kama Siku ya Afya ya Akili Duniani, kikundi chetu cha familia za Mikindani zinazouguza wagonjwa wa akili kilinituma Mtwara mjini kutafuta duka la kututengenezea mabango. Tulihitaji nakala 40 za ukubwa wa A3 za kubandikwa kwenye zahanati, ofisi za serikali za mitaa na mabaraza ya kahawa, pamoja na bango moja kubwa la fleksi la kutundikwa siku yenyewe. Sitaji jina la duka nililolichagua, kwa sababu uzuri na upungufu nitakaoueleza unapatikana katika maduka mengi ya aina hiyo, na ninaandika kwa ajili ya vikundi vingine vya Mtwara na Lindi vitakavyopeleka kazi kama hii.

Mchoro wa kwanza ulinivunja moyo. Ulikuwa na picha ya mwanamume aliyeketi sakafuni katika chumba chenye giza, amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na juu yake maneno "UCHIZI SI LAANA" kwa herufi nyekundu. "Mwalimu, ukitafuta ugonjwa wa akili kwenye intaneti, picha ndizo hizi," aliniambia kijana anayeshughulikia kompyuta, na kwa kweli hakusema uongo. Nilikuwa nimefuatana na mdogo wangu, ambaye ameishi na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia kwa miaka kumi na mmoja, humeza dawa zake bila kukosa, na ndiye anayetunza mikorosho ya familia. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwa hiyo watu wakinitazama mimi wanamwona huyu?"

Swali lake limewahi kuulizwa mbali na kwetu. Kampeni ya Time to Change, iliyoendeshwa Uingereza kuanzia mwaka 2007 hadi 2021, iliwaomba wahariri wa magazeti waache kutumia picha za watu walioshika vichwa kila wanapoandika habari za afya ya akili, na ikawapa picha nyingine za kutumia bila malipo. Kwa maoni yangu, kwetu sisi picha ya namna hiyo ina madhara ya ziada. Hapa kwetu uhusiano wowote huanza kwa salamu, na mtu aliyefunika uso hasalimiki. Anayelitazama bango hupita kama anavyopita kando ya mgonjwa aliyekaa peke yake chini ya ukuta, naye haoni kwamba ametenda kosa lolote. Bango lililokusudiwa kumrudisha mtu miongoni mwa watu linakuwa limemfungia chumbani.

Maneno nayo yalikuwa na kasoro. Niliielewa nia njema ya kijana yule, lakini neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote ndilo linalobaki kichwani, na "si" ndogo iliyo katikati haina nguvu ya kulifuta neno "uchizi". Mtoto anayejifunza kusoma angetoka pale zahanati akiwa amejifunza tusi.

Nalisifu duka kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba walikubali kuanza upya bila kununa na bila kuongeza bei. Tulikaa na yule kijana alasiri nzima, mdogo wangu akiwa msemaji mkuu, na mchoro wa pili ukazaliwa kutokana na maelezo yake: wanaume wanne chini ya mwembe wamelizunguka bao, mmoja ameinua mkono wenye kete, wengine wanamtazama kwa hamu ya kuona atapanda wapi. Chini yake tuliandika "LEO NI ZAMU YAKE", na kwa herufi ndogo kidogo: "Ana ugonjwa wa akili, anatibiwa, na wenzake wanamngoja acheze." Tuliamua uwe mchoro, si picha ya kamera, ingawa mdogo wangu alikuwa tayari kupigwa picha. Mji wetu ni mdogo, na bango hubaki ukutani hata baada ya mwenye sura kubadili nia yake.

Hapo ndipo duka lilipoteleza kwa mara ya pili. Tulipokwenda kubandika nakala za kwanza kwenye baraza la kahawa Mikindani, mzee mmoja alisogea, akakaza macho, akasema, "Hili bao gani hili? Hawa hawachezi, wanaigiza." Kijana wetu alikuwa amechora safu tatu za mashimo, wakati bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, yaani mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Kwa mtu asiyecheza bao, kosa hilo ni dogo mno. Kwa wazee wale lilitosha kuwafanya waamini kwamba aliyetengeneza bango hajui habari zao, na asiyejua bao lao angewezaje kuwaambia lolote kuhusu mgonjwa wa jirani yao? Duka lilikubali kuchapa upya kwa nusu ya gharama. Naona haki ingekuwa kuchapa bure, ingawa nakiri kwamba mimi ndiye niliyeidhinisha mchoro kwa saini yangu.

Bango la pili, lililolengwa kwa akina mama, ndilo ninaloliona kuwa bora kuliko mengine. Limepangwa kama kanga: pindo pande zote nne, mji katikati wenye michoro ya mabibo na korosho, na jina chini yake, "WETU NI WETU, AWE MZIMA AWE MGONJWA". Mwanamke wa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kusoma bango hilo, kwa kuwa jicho lake huenda lenyewe kwenye jina kabla ya kitu kingine chochote, na nimewasikia wanaolisoma wakilirudia kwa sauti kama wafanyavyo dukani wanapochagua kanga.

Rangi zilituchukulia muda. Duniani utepe wa kijani ndio hutumika sana kama alama ya afya ya akili, na duka lilipendekeza mabango ya kijani yenye maandishi ya njano, mchanganyiko ambao Tanzania nzima huusoma kama rangi za CCM. Tulihofia kwamba wengine wangedhani ni tangazo la chama, hivyo tukachagua buluu iliyokolea na maandishi meupe, na utepe wa kijani ukabaki mdogo kwenye kona.

Kasoro ambayo bado inaniuma ni wino. Mabango yaliyokuwa barazani, yanapopigwa na jua tangu asubuhi, yalianza kupauka kabla ya miezi miwili kwisha. Katika wino wa printa za kawaida, njano na wekundu hutangulia kufifia huku buluu na nyeusi zikidumu, na rangi ya ngozi zetu hutegemea sana hizo mbili za kwanza. Matokeo yake nyuso za wale wachezaji wanne ziligeuka kuwa za samawati, kama za maiti, na mama mmoja wa kikundi chetu aliomba bango la mlangoni kwake liondolewe. Yaliyobandikwa ndani ya zahanati bado ni mazuri. Duka lilipaswa kutueleza hayo mapema, kwa kuwa nilitaja wazi kwamba mengine yangekaa nje.

Nisilibebeshe bango mzigo usio wake. Mtafiti wa unyanyapaa Patrick Corrigan na wenzake, walipochambua tafiti nyingi katika makala iliyochapishwa mwaka 2012, waliona kwamba kwa watu wazima unyanyapaa hupungua zaidi kwa kukutana na mtu mwenye ugonjwa wenyewe kuliko kwa mafundisho peke yake. Kwa sababu hiyo, siku ya tarehe 10 tuliweka bao halisi chini ya lile bango la fleksi, mdogo wangu akakaa upande mmoja, na yule mzee aliyelikosoa bango akaja kukaa upande wa pili. Walicheza hadi adhana ya alasiri.

Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa nakala pamoja na kufunikwa kwa plastiki, na kwa subira waliyotuonyesha, nitarudi duka lile lile. Oda ya mwaka huu nimeshaiandika: nakala 20 za bango la kanga na 20 za bao, zile za nje zichapwe kwa wino unaostahimili jua. Malipo ya awali ni nusu, na nusu iliyobaki nitaitoa baada ya kuziona nyuso kwenye karatasi, si kwenye kioo cha kompyuta, na baada ya mdogo wangu kuhesabu mashimo.