Kadi ya gemu kwa kompyuta ya mtumba: hesabu njia kabla ya kuhesabu FPS

Lalamiko ni lile lile. Mtu ametazama video, ameona kadi ya RX 6500 XT ikipeleka gemu zaidi ya fremu 60 kwa sekunde (FPS), akaichomeka kwenye Dell OptiPlex 7010 iliyotoka ofisini, na gemu linakwamakwama. Muuzaji anasema ni draiva. Fundi anasema ongeza RAM. Hakuna anayetaja njia za PCIe, yaani vichochoro ambamo data hupita kati ya kadi na kompyuta.

Kadi hiyo ina njia 4 tu. Wanaopima kwenye video hutumia madabodi mapya ya PCIe 4.0, ambako njia 4 hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde. OptiPlex 7010 yenye prosesa ya i5-3470 ni PCIe 3.0, kwa hiyo zinabaki GB 4. Ukiikuta na i5-2400, maana madabodi yake huzikubali zote mbili, ni PCIe 2.0: GB 2. Memori ya kadi nayo ni GB 4, na ikijaa gemu huanza kuvuta tekscha (picha zinazovishwa vitu vya kwenye gemu) kutoka RAM ya kompyuta kupitia kichochoro hicho. Wastani wa FPS unaweza kubaki wa kuvutia, ila fremu za chini kabisa zinaporomoka, na hizo ndizo jicho linaziona. Doom Eternal ni mfano mbaya kuliko yote. Kama tayari unayo, shusha tekscha kwanza, kabla ya kugusa vivuli au ukubwa wa picha.

Ninazopendekeza ni hizi, kwa mpangilio.

1. RX 6600. Naipendelea AMD, sifichi, na kati ya wanaotengeneza kadi zake naanza na Sapphire. Njia 8, memori GB 8. Kwenye PCIe 3.0 hasara yake kwa 1080p ni ndogo. Inaiacha RTX 3050 ya GB 8 nyuma waziwazi, mradi usiwashe ray tracing (kuchora mwanga na vivuli kama vya kweli), ambayo kwa kadi za daraja hili ni pambo. Toleo la Sapphire liitwalo Pulse ni fupi, halifiki sentimita 20, kwa hiyo haligongi kizimba cha diski (hard disk).

Kazi iko kwenye umeme. Inakula wati 132, inataka plagi ya pini 8, na AMD inapendekeza pawa saplai ya wati 450. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290, tena plagi yake ya madabodi ni ya pini 8 badala ya 24, hivyo pawa saplai mpya lazima iandamane na adapta ya 24 kwenda 8. Usikubali ile adapta ya SATA kwenda pini 8 wanayokupa "bure". Plagi moja ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12. Ukiidai zaidi, plastiki inayeyuka.

2. RTX 3050 ya GB 6. Wati 70, zote kutoka kwenye sloti, na kuna matoleo mafupi yanayoingia kwenye kompyuta nyembamba za SFF. Lakini si 3050 ile ya GB 8 iliyopungukiwa memori tu: viini vimeshuka kutoka 2560 hadi 2304, na upana wa memori kutoka biti 128 hadi 96. Duka linalokuonyesha vipimo vya GB 8 huku likikufungia GB 6 linakuibia.

3. GTX 1650. Njia 16, wati 75. Angalia isiwe toleo lenye plagi ya pini 6. GB 4 zinabana.

Za kukwepa: RX 580, wati 185, nyingi zimechoshwa na uchimbaji wa sarafu, na zile zilizoandikwa 2048SP (viini 2048) si 580 kamili. GTX 1050 Ti iache. Kizazi chake, Pascal, kilipata draiva zake za mwisho za Game Ready (zile za kuendana na gemu mpya) mwaka 2025. Ukiikuta 1050 Ti yenye tundu la VGA, shuku kwamba ni GTS 450, kadi ya zamani, iliyobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili ijitambulishe kama nyingine.

Kabla ya kulipa, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, soma mstari wa Bus Interface. RX 6600 kwenye i5-3470 isomeke "PCIe x8 4.0 @ x8 3.0": kushoto ni uwezo wa kadi, kulia ni inachopata. Ikisoma 1.1, imepumzika tu; bonyeza alama ya kuuliza pembeni uipe kazi, itapanda. Ikisoma x4, imechomekwa kwenye sloti ndefu ya pili, ambayo ndani ina nyaya za njia 4. Ihamishie ile iliyo karibu na prosesa.

Halafu hawa wa "bei inbox". Picha ya boksi, hakuna bei, na ukiuliza wanakuuliza kwanza uko wapi na bajeti yako ni kiasi gani. Kadi moja inauzwa bei tatu kwa wateja watatu. Na ukiomba kufungua GPU-Z pale pale dukani, winga anakwambia mashine ya kupimia imepelekwa kwa fundi. Mwachie na boksi lake.