Mapigano au stori? RPG za kununua, nimezipanga kuanzia ya kwanza

Kama unataka kununua RPG (role-playing game, gemu unayocheza kama mhusika unayemjenga kadri unavyosonga) ya mapigano, yaani zile unazopigana papo hapo kwa vidole vyako na sio zile za kusubiri zamu, usianze kwa kuuliza ipi ina stori kali na ipi ina mapigano makali, maana kila tangazo litakwambia ina vyote viwili. Uliza hivi: ule upande ambao hii gemu ni dhaifu, naweza kuupita bila kuharibu ule upande mzuri? Stori nzuri yenye mapigano ya kawaida inaokoleka, unashusha kiwango cha ugumu unasonga mbele. Mapigano matamu yenye stori ya hovyo nayo inaokoleka, unaskipu maongezi unarudi kazini. Ila kuna gemu haziokoleki, kwamba ule upande usioupenda ndo gemu yenyewe, na hapo ndo watu wengi wanapoteza hela alafu wanasema gemu mbaya wakati gemu ni nzuri tu ila sio yao.

Mi nimezipanga kwa kipimo hicho. Sio kwa grafiki, sio kwa ukubwa wa ramani (ramani kubwa siku hizi kila mtu anayo).

Namba moja naiweka Hades, ya studio inaitwa Supergiant, iliyotoka rasmi 2020. Najua kuna watakaosema hiyo sio RPG kamili kwa sababu nguvu nyingi ulizookota zinapotea ukifa, sawa, ila kama mtu ananiuliza ni gemu gani mapigano na stori vinafanya kazi pamoja, siwezi kutaja nyingine kabla ya hii. Wewe ni Zagreus, mtoto wa Hades mwenyewe, unajaribu kutoroka kuzimu, na ukifa unarudi nyumbani kwa baba yako, na kila ukirudi watu wa pale wana neno jipya la kukwambia. Kwenye gemu nyingine kufa ni kurudishwa nyuma tu, hapa kufa ndo kunakufungulia sura inayofuata, kwahiyo hata siku umepigwa vibaya hujapoteza muda, kuna kitu umekijua kuhusu mama yako au kuhusu yule bosi (adui mkubwa) uliyepigana naye. Silaha ziko sita na kila moja inabadilisha kabisa mikono yako inavyocheza. Alafu kwa mtu ambaye mapigano yanamshinda kuna setingi inaitwa God Mode, ukiiwasha unapata kinga ya 20% ya madhara, na kila ukifa inaongezeka 2% mpaka inafika 80%. Yaani gemu inakupunguzia ugumu taratibu kulingana na unavyoshindwa, haikuhukumu, na stori unaipata yote ileile. Hadi leo sijaona setingi ya ugumu iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo. Ni gemu ndogo pia, GB 15 tu, na kompyuta ya kawaida inaibeba. Hades II nayo imeshatoka kamili tangu 2025 na mhusika wake ni dada yake Zagreus, Melinoë, ila anza na ya kwanza.

Namba mbili The Witcher 3. Ya 2015 ndio, na bado. Hapa ndo mahali pa kuongea ukweli kuhusu mapigano yake, kwa sababu watu wa stori wanaificha hii habari: kupigana kwenye Witcher 3 sio kutamu sana. Una pigo jepesi, pigo zito, kukwepa, na uchawi wa aina tano, na baada ya masaa kama ishirini umeshaona karibu kila kitu ambacho mikono yako itafanya mpaka mwisho. Ila maandishi yake ni ya daraja la juu. Kuna ile misheni ya yule Baroni mlevi ambaye mke na binti yake wamepotea, unaanza unamchukia, baadae unamuonea huruma, baadae hujui tena umuweke wapi, na chochote utakachoamua kuna mtu anaumia. Gemu nyingi zinakupa uchaguzi wa wema na ubaya, hii inakupa uchaguzi ambao wote unauma alafu inakuacha ukae nao.

Sasa ushauri wangu hapa una pande mbili. Kama umefuata stori peke yake, kiwango cha chini kabisa cha ugumu kipo kwa ajili yako na kinaitwa hivyohivyo, Just the Story, kiweke usione aibu. Ila kama mapigano unayaweza kidogo, nenda kinyume, weka ugumu wa juu. Manake Geralt, mhusika unayemcheza, kazi yake ni kuwinda majini kwa mkataba, anasoma kuhusu jini, anaandaa mafuta ya kupaka kwenye upanga kulingana na aina ya jini, anakunywa dawa kabla hajaingia vitani, na kwenye ugumu wa chini vyote hivyo unaweza kuvisahau na ukashinda. Kwenye ugumu wa juu huwezi, lazima ufanye kazi yake kama anavyoifanya yeye, na hapo mapigano yaleyale yaliyokuwa yanachosha yanakuwa sehemu ya stori. Nunua ile Complete Edition yenye Hearts of Stone na Blood and Wine ndani, usinunue ile tupu, hizo nyongeza mbili ni baadhi ya kazi bora za gemu nzima.

Namba tatu ni Cyberpunk 2077, ila kwa sharti. Ilitoka Desemba 2020 ikiwa na makosa mengi mpaka Sony wakaitoa kwenye duka la PlayStation, ikarudi Juni 2021, na ile apdeti ya 2.0 ya Septemba 2023 ndo iliyoifanya gemu ya kununua, walibadilisha mfumo mzima wa kujenga mhusika, sasa ukijenga mtu wa panga anapigana kama mtu wa panga kweli na ukijenga mdukuzi unaweza kumaliza jengo zima bila kuonekana. Sharti lenyewe ni hili: apdeti ya 2.0 na ile nyongeza ya Phantom Liberty hazipo kwenye PS4 wala Xbox One. Kama una konsoli hizo za zamani usinunue hii gemu hata ikiwa na punguzo kubwa kiasi gani, utakuwa unanunua toleo ambalo wenyewe walishaliacha. Kwenye kompyuta inataka SSD (ile diski ya kasi) na nafasi ya GB 70. Stori yake inaenda haraka ukifuata misheni kuu tu, na hilo ni kosa ambalo gemu inakusukuma ulifanye kwa sababu mhusika wako V ana tatizo kichwani linalomuua na kila mtu anamwambia awahi, we usiwahi, zile misheni za pembeni za marafiki zako kina Judy na Panam ndo moyo wa gemu.

Elden Ring naiweka ya nne na najua hapa tutagombana. Kwa mapigano na kwa ulimwengu ni ya kwanza, mi binafsi naipenda kuliko tatu za juu. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, na Elden Ring ndo mfano kamili wa gemu isiyookoleka. Haina setingi ya ugumu. Haina orodha ya misheni ya kukukumbusha nani alikwambia uende wapi. Huwezi hata kuisimamisha kawaida katikati ya vita, kwahiyo kama nyumbani unaitwa itwa kila dakika lifikirie hilo. Stori ipo, na ni kubwa, mwandishi wa riwaya George R. R. Martin alishiriki kuandika historia ya ule ulimwengu, ila imetawanywa kwenye maelezo ya vitu unavyookota, kwenye magofu, kwenye maneno mawili matatu ya mtu aliyekaa pembeni ya kanisa, na hakuna wa kukukalisha chini akuhadithie. Ukiwa mtu wa kupenda kuunganisha vipande mwenyewe utafurahi miezi. Ukiwa mtu wa kutaka wahusika waongee wakuumize roho, hautakipata hicho hapa, na wala huwezi kupunguza mapigano ili ukifikie kwa sababu hakipo nyuma ya mapigano, mapigano ndo stori yenyewe: ulikuja dhaifu, ukapigwa na bosi anayeitwa Margit pale kwenye daraja la kuingia ngome ya Stormveil, ukaondoka ukazunguka dunia, ukarudi ukamshinda.

Na hilo la kuondoka na kurudi ndo unafuu wake, watu hawalisemi vya kutosha. Bosi amekushinda, ondoka. Ramani iko wazi, nenda kusini, panda levo, imarisha silaha, tafuta zile roho za kuita zikusaidie, rudi. Ugumu unaupunguza wewe kwa miguu yako badala ya setingi. Kitu kimoja cha hela: usinunue Shadow of the Erdtree siku moja na gemu yenyewe, hiyo nyongeza haifunguki mpaka uwe umewashinda mabosi wawili, Radahn na Mohg, na wengi wanaonunua hawafiki huko. Maliza kwanza, itakuwepo.

NieR: Automata ya 2017 ni namba tano, na ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa na tabia ya kuwapoteza watu njiani. Mapigano wameyatengeneza PlatinumGames, watu wanaojua kazi hiyo, yanateleza kama maji, na kwenye ugumu wa chini kuna chipu unamvalisha mhusika anajikwepesha na kupiga mwenyewe. Ila hata majina ya watengenezaji yakianza kupita kwenye skrini, gemu haijaisha. Ina miisho 26, kila herufi ya alfabeti mmoja, mitano ndo ya msingi, na baada ya ule wa kwanza unarudia matukio mengi yaleyale ukiwa mhusika mwingine, watu wanachoka hapo wanaacha, wakati sehemu ya tatu ni stori mpya kabisa na ndio kila kitu kilikuwa kinaandaliwa kwa ajili yake. Kama hauna subira ya kupitia huo mzunguko wa pili usinunue. Na haisevu yenyewe, kuna sehemu maalum za kusevu, tena ule utangulizi wote hauna pa kusevu, kwahiyo usiuanze ukiwa na dakika kumi.

Hizi nyingine nazipitia kwa haraka. Mass Effect Legendary Edition ni gemu tatu kwa mpigo, maamuzi ya ya kwanza yanakufuata mpaka ya tatu, mtu uliyemuacha afe hautamuona tena, na kwa wanaopenda kujenga urafiki na kikosi hakuna kinachoikaribia. Upigaji risasi wa ile ya kwanza ni wa 2007 hata walivyouboresha bado unaonekana, shusha ugumu upite, ila usiiruke. Final Fantasy XVI ina mapigano ya kasi, aliyeyasimamia ni Ryota Suzuki aliyetoka kwenye gemu ya mapigano ya Devil May Cry 5, na kwa asiyeweza kuna pete za kuvaa zinazomsaidia kukwepa na kupiga, alafu ina demo ya bure ambayo ulichocheza unakihamishia kwenye gemu kamili, kwahiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Shida yake ni misheni za pembeni, nyingi ni za kutumwa tumwa, zinakata moto katikati ya stori iliyokuwa imepamba. Andaa GB 170 kwenye kompyuta.

Diablo IV naiweka mwisho kwenye hii orodha japo kwa mtu wa kuua kundi la majini baada ya kazi na kuokota silaha inafanya kazi yake vizuri sana. Stori yake, ya yule pepo anayeitwa Lilith, ni nzuri kuliko watu wanavyoisema, ukishaimaliza mara moja unaweza kuiskipu na wahusika wengine. Lakini inataka intaneti muda wote hata ukicheza peke yako, kama mtandao wako unakatika katika achana nayo. Na kabla hujainunua jaribu Path of Exile, ni ya aina hiyohiyo na haina malipo kuingia, ukiona baada ya wiki bado unaipenda hiyo kazi ya kuokota na kupanga ndo ujue we ni wa huku.

Tahadhari moja ya haraka: Baldur's Gate 3 na Clair Obscur: Expedition 33 zina stori kubwa sana na utaziona zimetajwa kila mahali, ila ni za zamu. Ni nzuri, ila kama ulitaka kupigana papo hapo utashangaa.

Sasa kwa wanaonunua Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Unaweza kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya masaa mawili. Masaa mawili hayatoshi kupima stori ya gemu yoyote niliyoitaja hapo juu, Witcher 3 masaa mawili bado uko kijiji cha kwanza. Ila yanatosha kabisa kupima mapigano. Kwahiyo gawa kazi: stori ipime kabla ya kulipa, angalia mtu akicheza lile saa la kwanza bila kuongea juu yake, sikiliza maongezi, jiulize kama unataka kujua kitakachofuata. Baada ya kulipa pima mikono tu. Skipu kila kinachoskipika, ingia vitani, pigana na adui wa kawaida zaidi ya mara moja, maana huyo ndo utakayekutana naye kwa masaa hamsini na sio bosi, na kama kumpiga huyo mdogo tayari kunakuchosha, bosi hataiokoa. Angalia pia kama mashine yako inaibeba bila kukwama kwama katikati ya vita na sio ukiwa umesimama. Na kwa Elden Ring usikae kuchora sura ya mhusika, chagua yoyote uingie, zile dakika za kurekebisha pua nazo zinahesabiwa kwenye masaa yako mawili, sura unaweza kuibadilisha baadae kwenye kioo ukishaamua kubaki nayo.