Testa ya neoni, hii ya bisibisi: ninunue au niache?

Haya jamani karibuni, leo niko Ngamiani hapa Tanga na mkononi nina testa ya bisibisi, ile unaichomeka kwenye soketi unagusa kifuniko cha nyuma kwa kidole halafu kataa kadogo ka ndani kanawaka kama umeme upo. Mafundi wote wanayo ila wachache wanajua ndani kuna nini, na mi naipenda sana hii kitu kwa hicho kilichomo.

Sogea uone. Kwenye hicho kioo cha kataa kuna vijiwaya viwili havigusani kabisa, katikati gesi ya neoni tu. Hakuna waya mwembamba wa kuungua kama kwenye balbu za zamani, na neoni yenyewe haishikani na kitu, elektroni zake 8 za nje zimetimia, haidai haidaiwi, kwa hiyo vile vijiwaya haviliwi na kutu humo ndani hata kama huku pwani chumvi inakula kila chuma. Umeme ukifika kama volti 60 mpaka 90 hivi gesi inaanza kupitisha, elektroni zinagonga atomi za neoni, zinatoa mwanga mwekundu wa chungwa. Kioo hakina rangi, rangi ni ya neoni yenyewe! Ramsay na Travers waliiona London mwaka 1898 walipochambua hewa iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika, na kwenye hewa tunayovuta ipo kidogo mno, kama sehemu 18 kwa milioni.

Sasa ndo maana ukigusa betri ya sola ya volti 12 haiwaki, usiirudishe dukani ukisema mbovu, volti hazitoshi.

Udhaifu upo na huu nausema kwa nguvu. Jua la mchana likipiga huoni kitu, ziba kwa kiganja. Ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vizito vya mpira inaweza kuwaka hafifu sana, maana umeme wake unapitia mwilini mwako kwenda ardhini, kwa hiyo isipowaka usiseme umeme hakuna, jaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina moto, kisha rudi kwenye kazi yako, ukimaliza jaribu tena. Na kinachokulinda wewe ni rezista, kile kipande cha kuzuia umeme kilichomo kwenye mpini pamoja na kataa, ndo inaufanya umeme unaopita mwilini uwe mdogo mno, sasa testa ikiingia maji au mpini ukipasuka tupa, usigundishe na gundi.

Kwa bei yake nunua, ila chukua yenye mpini unaoonyesha ndani, uione rezista kwa macho kabla hujalipa.